Kaunta ya marumaru jikoni: uzoefu wangu wa miaka minne Dar es Salaam

Kaunta zangu ni mbili. Ya kukandia unga na kupakulia chakula ni marumaru nyeupe ya asili, unene milimita 20, urefu mita 2.4, upana sentimita 60, imesuguliwa ikawa laini lakini haikung'arishwa. Ya sinki na ya kukatia viungo ni granaiti nyeusi ya unene huohuo. Zina miaka minne ya mapishi ya kila siku, na maji yanayozigusa ni ya kisima, yenye chumvi kama visima vingi vya huku Mbezi. Marumaru naipa nane kwa kumi hapo ilipo. Ingekuwa imezunguka sinki nisingeipa hata tatu, na tatizo kubwa lingekuwa tindikali.

Jiwe lenyewe ni kalisi kaboneti, ndugu wa chokaa na wa matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za pwani. Ndimu ikiligusa inalila papo hapo na kutoa vipovu vya hewa ukaa. Siki, ukwaju, nyanya, embe bichi, mtindi na soda ni hivyohivyo, tofauti ni kasi tu. Kipande cha ndimu kilichokatwa kikikaa dakika tano juu ya marumaru inayong'aa, kinaacha duara lililofifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ukipangusa halitoki. Ukiosha halitoki. Inamisha kichwa, mulika tochi ya simu kwa pembeni, utaona mng'ao umekatika palepale ukingo wa ndimu ulipokuwa. Hapo hakuna uchafu wa kutoa, ni uso wa jiwe umeliwa.

Wauzaji wengi hawalielezi hilo. Watakuambia kaunta imepakwa sila, ile dawa ya kuziba vinyweleo, hivyo usiwe na wasiwasi. Sila huingia ndani ya jiwe na kuchelewesha mafuta, chai na manjano yasizame. Uso wa juu haiukingi, na ndimu inauma ileile. Kwa hiyo kachumbari isikatiwe juu ya marumaru hata kama sila imepakwa jana.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwanza unauziwa nini. Dar ukisema marumaru dukani, wengi wataelewa vigae vya sakafuni. Sema unataka slabu ya jiwe la asili, halafu omba kipande cha mabaki cha slabu ileile utakayochukua na ukijaribu mbele yao. Tone la ndimu kwa dakika tano: kikififia au kikitoa vipovu, ni marumaru. Kisha kwaruza upande wa chini kwa ncha ya kisu. Marumaru ina ugumu wa takriban 3 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe cha 1 hadi 10, na kisu kinaacha mfereji. Granaiti ipo 6 hadi 7 na kisu kinateleza. Nimeona slabu nyeupe yenye mishipa ya kijivu ikiitwa granaiti ili mteja asiogope ndimu. Kisu hakidanganyiki.

Jaribio la tatu ni la maji. Weka tone, subiri dakika kumi hadi kumi na tano, pangusa. Kivuli cheusi kikibaki chini ya tone, jiwe linanyonya, na bila sila litakunywa mafuta pia. Mwisho waombe wamwagie slabu nzima maji, kisha simama uitazame ikikauka. Ufa hukauka mwisho, kwa hiyo utauona kama uzi mweusi uliobaki peke yake. Pitisha ukucha juu yake. Mshipa wa asili kwa kawaida haunasi ukucha. Ufa wa kuvunjika hunasa. Geuza pia nyuma. Wavu uliogandishwa kwa gundi maana yake jiwe lilikuwa dhaifu likasaidiwa. Slabu ya hivyo haina ubaya kwenye kaunta ndefu isiyotobolewa, ila mimi nisingeikata tundu la sinki.

Kuhusu rangi na aina za marumaru kama Carrara, Calacatta na Makrana sitasema mengi, kila mtu na jicho lake. Neno moja tu: ile ya kijani inayouzwa kama marumaru mara nyingi ni serpentini, jiwe la aina nyingine. Inaivumilia ndimu vizuri kuliko marumaru, lakini ikilazwa kwenye gundi ya maji inaweza kupinda kabla haijakauka, na fundi akawa na kaunta inayochezacheza. Hiyo inataka gundi ya epoksi.

Kwa jikoni chagua uso uliosuguliwa bila mng'ao. Unaoonekana kama kioo ni mzuri siku ya kwanza, ila kila duara la ndimu linajitangaza. Usio na mng'ao hulificha, na likizidi unalisugua mwenyewe kwa msasa wa maji. Kasoro yake ni kwamba hunywa mafuta haraka kidogo, na sufuria za alumini zikiburutwa huacha michirizi ya kijivu kama ya penseli. Ukiiwahi, michirizi hiyo hutoka kwa soda ya kuokea na kitambaa chenye unyevu, kwa kusugua taratibu.

Bei iulizwe kwa maneno yaliyonyooka. Ni ya mita ya mraba au ya mita ya urefu? Ndani yake umo usafiri, kusugua kingo, tundu la sinki, tundu la bomba la milimita 35, na kile kipande cha kuegama ukutani? Pasipoandikwa, kila tundu litageuka bili mpya.

Uwekaji ndio ulioharibu kaunta nyingi nilizoziona. Nyumba nyingi za hapa zina meza ya zege jikoni, jambo jema, kwa sababu marumaru ni nzito: kipande cha mita 3 kwa sentimita 60 chenye unene wa milimita 20 kina karibu kilo 97, na cha milimita 30 kinafika karibu kilo 146. Kibebwe kwa kusimamishwa ubavu kama kioo. Kikibebwa kimelala, kinakatika kwa uzito wake chenyewe. Zege mpya iachwe siku 28 ikauke, ipimwe kwa pima maji, na vilima vyote visawazishwe kwanza. Gundi itandazwe kote bila kuacha matundu. Mafundi wengi huweka madonge matano na kubandika. Panapobaki wazi chini, siku kinu kikidondoka jiwe linapasuka. Ikishakauka, gonga kwa sarafu kila sentimita 20. Mlio wa debe tupu ni shimo, na fundi arudie kabla hajalipwa.

Gundi au saruji iwe nyeupe. Marumaru nyeupe hupitisha mwanga kidogo, na saruji ya kijivu chini yake huleta vivuli na madoa ya unyevu yasiyotoka. Na silikoni ya ukutani isiwe ile inayonuka siki inapokauka. Harufu ile ni tindikali ya siki kweli, inakula ukingo wa jiwe. Ipo isiyonuka hivyo, na muuzaji wa vifaa vya vioo na alumini ataijua.

Matundu ya sinki na ya jiko yawe na kona za mviringo. Fundi atoboe kwanza kila kona kwa keekee ya almasi, ndipo aunganishe kwa grainda, tena kwa maji. Kona kali ndiyo mwanzo wa ufa, na ufa huo huonekana miezi baadaye wakati fundi hapokei simu tena. Jiwe linalobaki mbele ya tundu lisipungue sentimita 5. Kaunta inayoning'inia bila mguu isizidi sentimita 15 kwa slabu ya milimita 20.

Kuna jambo moja la ratiba ambalo nalisisitiza kwa kila anayejenga. Mafundi vigae wakimaliza sakafu huiosha kwa asidi kutoa saruji iliyogandia. Tone likiruka kwenye marumaru limechimba shimo, na hata mvuke wake peke yake hufifisha uso. Kaunta iingie baada ya sakafu na kuta kuoshwa asidi na kusuuzwa maji mengi. Yangu iliwekwa mapema, na upande wa kushoto ulipata ukungu wa kiganja kizima siku ya kuosha. Ikabidi isuguliwe upya kabla haijapikiwa hata chai. Kwa sababu hiyohiyo, chupa ya asidi ya choo isihifadhiwe kwenye kabati chini ya kaunta.

Sila nilipaka mara mbili siku ya kwanza, na sasa napaka pale tone la maji linapoanza kuacha kivuli. Kwangu imekuwa karibu kila miezi kumi. Mpishi wa mafuta mengi ajaribu kila miezi sita. Jiwe lazima liwe kavu hadi ndani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, hewa ya Dar haikaushi kitu, kwa hiyo naiwashia feni usiku kucha au nangoja mvua ziishe. Paka kwa kitambaa cheupe, acha kwa muda uliotajwa kwenye kopo, kisha futa yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Watu hukosea hapo: wanaiacha ikauke ili ifanye kazi zaidi, na inageuka utando unaonata unaoshika vumbi. Usiku mmoja bila kugusa, basi.

Usafi wa kila siku ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Maji ya vuguvugu, tone mbili za sabuni ya kuoshea vyombo, kitambaa laini, suuza, kausha. Kukausha msikuruke, kwa sababu maji ya kisima yakikaukia juu yanaacha ukoko mweupe wa chokaa. Ukoko huo ndio mtego mkubwa: dawa yake ya mtaani ni siki au ndimu, na kinachotoa chokaa kitatoa na marumaru, maana ni kitu kilekile. Kwenye marumaru ukoko hukwanguliwa kwa wembe ulioshikwa karibu bapa, huku sehemu imelowa. Majivu, mchanga, makumbi na stili waya vikae mbali. Vipande vya stili waya vikiachwa kwenye unyevu hutengeneza kutu, na kutu ndiyo doa pekee ambalo sijaweza kulimaliza nyumbani. Chini ya kopo la maziwa ya unga pana pete yake mpaka leo.

Madoa mengine hutolewa kwa kuyavuta juu, sio kuyasugua. Doa la mafuta au samli huonekana kama kivuli kisichokauka. Changanya soda ya kuokea na maji mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, paka kwa unene wa karibu sentimita moja, ukipita kidogo mipaka ya doa, funika kwa nailoni, bandika kingo kwa utepe wa gundi wa karatasi, acha saa 24. Fungua, iache ikauke kabisa yenyewe, ndipo uikwangue kwa kijiko cha mbao. Inapokauka ndipo inapovuta, kwa hiyo anayeikwangua ikiwa mbichi hajafanya kitu. Doa la zamani hutaka kurudiwa mara mbili au tatu. La chai ya rangi au kahawa, tumia karatasi nyeupe ya jikoni iliyolowekwa haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, funika vilevile. Usiitumie kwenye jiwe la rangi nyeusi, itapausha.

Manjano yanatisha lakini ndiyo mepesi. Rangi yake huvunjwa na mwanga wa jua. Futa mapema, fungua pazia, na doa lililo karibu na dirisha huwa hafifu siku baada ya siku.

Ndimu ikishakula uso usio na mng'ao, lowesha maji, sugua kwa msasa wa maji namba 400, kisha 600, ukitanua duara kidogo kidogo ili pasibaki bonde, na ukomee kwenye namba inayofanana na uso wa pembeni. Paka sila upya hapo tu. Kwenye uso unaong'aa usijaribu msasa. Mwite fundi mwenye pedi za almasi za maji.

Sufuria ya moto iwekwe juu ya kibao. Marumaru haiungui, lakini chembe zake hutanuka bila kulingana zikipata joto, na joto la kurudiarudia mahali pamoja huzilegeza hadi jiwe linamomonyoka kama sukari. Jiko la mkaa lisikae juu yake hata kwa dakika chache.

Faida yake ninayoifurahia kila wiki ni unga. Jiwe linabaki la baridi hata mchana wa Februari, donge la chapati halilegei haraka, na halinati ukinyunyiza unga kiasi. Upande wa granaiti unafanya kazi chafu yote ya ndimu na ukwaju bila alama hata moja.

Anayeweka yake sasa amwombe fundi vipande viwili vya mabaki, hata vya ukubwa wa kiganja, na avipake sila siku moja na kaunta. Sabuni yoyote mpya naijaribu kwanza kwenye kipande changu, naiacha nusu saa, nasuuza, naangalia kwa tochi ya pembeni. Nne nimeshazikataa hivyo, mbili kati yake zikiwa zimeandikwa kwenye chupa kwamba ni salama kwa mawe yote.