Kuchapisha kitabu kwa pesa zangu River Road: uzoefu wangu

Mpiga chapa wangu nampa nyota tatu kati ya tano. Jina lake naliacha, maana karakana nyingi za uchapaji pale River Road na Kirinyaga Road, Nairobi, zinaendeshwa kwa mtindo uleule.

Nilikuwa na mkusanyiko wa hadithi fupi za Kiswahili, kurasa 160, saizi ya A5. Wachapishaji wakubwa wa hapa wanaishi kwa vitabu vya shule. Ukiwapelekea hadithi za watu wazima ambazo hazina tumaini la kuidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya shule, wanakusikiliza kwa adabu, kisha kimya. Nikaamua kujilipia.

Kwa simu niliambiwa shilingi 260 kwa nakala, nikichapa 300. Nilipofika nikakuta hiyo 260 ni bila VAT (vitabu vinatozwa asilimia 16 tangu sheria ya 2013), bila laminesheni (utando wa plastiki) ya jalada, tena kwa karatasi nyepesi inayoonyesha maandishi ya upande wa pili. Kwa karatasi nzito kidogo, ya gramu 80, na laminesheni, VAT ikiwemo, ikafika 345. "Mwalimu, ile ilikuwa bei ya kuanzia," fundi akasema, wala hakupepesa macho.

Lakini huyohuyo fundi alinifaa. Mwenzake mezani alikuwa akinisukuma nichape nakala elfu moja kwa ofseti ili bei ishuke. Fundi akanieleza kwamba ofseti, ile mashine kubwa ya kuchapa nakala nyingi, inadai pleti (bamba la chuma lenye maandishi ya kurasa), na pleti gharama yake ni moja uchape kumi au elfu, kwa hiyo ni ya mtu mwenye wanunuzi tayari. Kwa mtu kama mimi, mashine ya dijitali inatosha. Ningemsikiliza yule mwingine, saa hii ningekuwa nalala juu ya maboksi.

ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, walitaka kunipa ya kwao, bure. Nilikataa. Kenya namba hizo zinatolewa na KNLS, huduma ya maktaba ya taifa, na anayeiomba ndiye anayeandikwa kuwa mchapishaji. Niliomba kwa jina langu. Kumbuka pia kwamba toleo la kielektroniki linahitaji namba yake.

Sasa gundi, ambayo ndiyo iliyokula nyota zangu. Bando la kwanza lilikuwa linapendeza ukilitazama kwa mbali: kingo zimekatwa sawa, jalada linang'aa. Nikachukua kitabu kimoja, nikakifungua katikati, nikakilaza kwenye meza na kukikandamiza kwa kiganja. Mgongo ukalia ta! na ukurasa wa 81 ukabaki mkononi. Nikajaribu cha pili, kikafanya vilevile. Gundi ilikuwa nyembamba, haikuingia kwenye karatasi, na ilishakauka ikawa kama kaukau. Fundi alisema baridi ya Julai ndiyo ilifanya hivyo. Labda. Walirudia bando zima bila kunitoza, baada ya mabishano marefu ngazini, na lile la pili limeshika vizuri mpaka leo.

Jalada nalo lilitoka limefifia kuliko nilivyoliona kwenye kompyuta, kwa sababu skrini hutumia mwanga na mashine hutumia wino. Hilo halikuniuma sana. Omba prufu (nakala ya majaribio) ya karatasi, usikubali ya WhatsApp.

Kuuza ni hadithi nyingine. Maduka mengi yanachukua kwa mali kauli, yaani yanakulipa vikishauzwa, na kukata asilimia 30 hadi 40. Kitabu changu ni shilingi 700. Duka likikata 40, nabaki na 420. Toa 345 za uchapaji, zinabaki 75, na hapo boda boda sijamlipa. Msomaji akinitumia M-Pesa moja kwa moja, nabaki na 355. Ndiyo maana nakala nyingi nimeziuza kazini, kanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp, na dukani nimeacha chache tu ili mtu akiuliza "kinapatikana wapi?" niwe na jibu. Mhariri simhesabu kwenye 345. Yeye nilimlipa kando, na ndiye pekee ambaye sikumwomba anipunguzie.

Toleo la pili nitampelekea fundi yuleyule. Salio la malipo yake atalipata nikishafungua vitabu vitatu vinne kutoka katikati ya kila bando, pale pale mbele yake.