Pedeli za fiksi: aina tatu nilizozijaribu hapa Tanga

Mlioniuliza pedeli gani inafaa kwenye fiksi haya njooni, maana nimeshabadilisha aina tatu na muundi wangu ndo umelipa gharama.

Kwa asiyejua, fiksi ni baiskeli isiyo na friwili, kigia cha nyuma kimekamatana na habu (kitovu cha tairi), tairi likizunguka na miguu inazunguka, hakuna cha kupumzika. Kwenye Phoenix ya mzee mguu ukiteleza pedeli inakusubiri. Fiksi haisubiri mtu, inapanda na kukugonga palepale penye mfupa.

Nilianza na zile za mpira zilizokuja na baiskeli yenyewe, mtumba wa Japani. Kukiwa kukavu hazina neno hata ukivaa ndala. Ila masika ikanikuta barabara ya Pangani nipo kasi, mguu wa kulia ukachomoka, nikabaki nimetanua miguu yote hewani kama mtoto huku nabana breki ya mbele kwa dua (na hiyo breki msiing'oe jamani, hata mkiwaona watu wa kwenye video hawana). Halafu ni pana mno. Kwenye kona baiskeli ya kawaida unaweka pedeli ya ndani juu unapita, fiksi huwezi, inaendelea kuzunguka, ukilala kidogo inakwangua lami. Ya kushoto ina kovu mpaka leo.

Nikahamia MKS Sylvan Track, za Kijapani, used, 35,000. Aisee hizi ni pedeli. Nyembamba, kwenye kona hazigusi chini, unafunga mbele ya pedeli kikapu cha chuma cha kushika ncha ya kiatu, na mkanda wa ngozi, mguu unakaa, ukitaka kupunguza mwendo unairudisha nyuma kwa mguu uleule. Na zinafunguka! Unatoa kifuniko, unaosha gololi kwa mafuta ya taa, grisi mpya, unakaza koni (nati inayobana gololi) mpaka pedeli isicheze na isiwe nzito, unarudisha. Kwa chumvi ya huku kwetu hilo ni jambo kubwa. Tatizo ni kuondoka. Kikapu kina uzito kwahiyo pedeli inalala kichwa chini, inabidi uipige mkia kwa ncha ya kiatu igeuke ndo uingize mguu, na huku inazunguka, na Ngamiani kila barabara ina bodaboda anayekatiza, unasimama mara ishirini kabla hujafika sokoni. Kobazi ndo usijaribu kabisa, lile bati linakata unyayo.

Sasa hivi mjini natumia za plastiki pana zenye mkanda mmoja unaopita mshazari juu ya mguu. 12,000 bila mkanda. Mkanda kanishonea fundi viatu kwa mkanda wa siti ya gari pamoja na velkro, 5,000 pea, mgumu kuliko nilivyotegemea. Ukikosea ukakanyaga upande usio na mkanda unaenda tu, utaingiza mguu mbele ya safari. Lakini ubora wake ni waja leo waondoka leo, miezi minne tu ekseli imeanza kucheza na jua limeshapasua kona moja.

Kufunga sasa. Spana namba 15, na pedeli ya KUSHOTO uzi wake umegeuzwa, inakazwa kinyume, angalieni herufi L na R kwenye ekseli. Kuna duka nilipeleka, kijana akalazimisha ya kulia iingie kushoto, akaongezea na bomba kwenye spana, uzi wa kranki (mkono unaoshika pedeli) ukaisha na hela nikadaiwa mimi. Tangu siku hiyo nafunga mwenyewe, natanguliza kwa vidole mpaka iingie laini, na grisi kidogo isije ikagandana kwa kutu. Pedeli nyingi ni inchi 9/16, ila kranki za kipande kimoja huwa nusu inchi, kwahiyo nendeni na ya zamani mkononi.

Kama ni kununua moja tu na unazunguka mjini, plastiki na mkanda. MKS nazifunga Jumapili tukienda Pongwe na wenzangu, na mkanda wa ngozi wa kulia umeanza kuchanika, fundi kasema nirudi Alhamisi.