Hela yangu ya Dubai iliyeyukia wapi: nilihesabu dirhamu moja moja

Wiki moja kabla ya safari tulikuwa sebuleni Tabata tunabishana kuhusu masanduku, mama Nasra akaniuliza, "Baba Nasra, hivi dirhamu moja itatutoka kwa shilingi ngapi?" Nikajibu kwa kujiamini, "Mia sita na kitu." Akanitazama. "Kitu ngapi?"

Sikujua. Nilikuwa nimeenda Dubai mara mbili huko nyuma na sikuwahi kujua. Safari hii nikachukua daftari la kurasa chache la mwanangu, na kila dirhamu ilipotufikia, iwe mkononi au kwa kadi, nikaandika imetutoa shilingi ngapi, makato yote yakiwa ndani. Nitakayoyasema hapa yametoka kwenye daftari hilo. Bei zenyewe zitakuwa zimeshabadilika ukisoma, maana shilingi yetu haikai mahali pamoja, ila tofauti kati ya njia moja na nyingine sidhani kama itahama sana.

Kitu cha kwanza cha kujua kuhusu dirhamu ya Falme za Kiarabu ni kwamba imefungwa kwenye dola: dola moja ni dirhamu 3.6725, na imekuwa hivyo tangu 1997. Dola ikipanda, nayo inapanda. Ikishuka, inashuka nayo. Kwa hiyo anayetoka Dar na shilingi zake ana mlima mmoja tu wa kupanda, nao ni kutoka shilingi kwenda dola. Ule wa pili, wa dola kwenda dirhamu, ni kituta. Mimi miaka yote nilikuwa naupigania ule wa pili.

Nikaanzia benki ambako mshahara wangu unapita kila mwezi. Ubaoni walikuwa wananunua dola kwa 2,400 na kuuza kwa 2,510. Wakataka pasipoti, tiketi na nakala ya viza, kisha dada wa dirishani akaniambia nirudi kesho yake, noti hazijafika. Sikukasirika sana, kwa sababu nakumbuka 2023 dola zilivyoadimika, unazungushwa wiki nzima unaishia kupewa mia mbili. Lakini ile 2,510 ilinikaa rohoni. Benki ya pili, hatua chache tu mbele, walikuwa wanauza 2,485.

Nikaingia kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, maeneo ya Posta, katikati ya Dar. Maduka haya mengi yalifungwa ule msako wa 2019, watu wakazoea kwamba dola ni benki tu. Yamerudi, na leseni huwa imebandikwa ukutani, nisipoiona natoka. Ubaoni: kununua 2,445, kuuza 2,475. Angalia hilo pengo. Benki yangu ilikuwa na shilingi 110 kati ya kununua na kuuza, hawa wana 30. Mimi sasa nikifika dirishani naangalia pengo kwanza, bei baadaye. Pengo ndiyo faida yao, na pengo pana ni mfuko wako unaopungua, uwe unanunua au unauza.

"Kaka, nachukua elfu moja. Nipunguzie basi."

"Elfu moja yote? Haya, 2,470. Chini ya hapo bosi atanifukuza."

Akachukua pasipoti, akaandika, akanipa risiti ya mashine. Dakika kumi na tano. Kwa dola elfu moja nililipa milioni mbili na laki nne na sabini. Benki yangu ingenitoza elfu arobaini zaidi. Elfu arobaini, kwa kuvuka barabara mbili! Nilipouliza bei ya dirhamu zenyewe pale pale, wakasema 695 kwa moja. Nikaiandika, sikununua.

Sasa kosa langu. Zile noti nilizihesabu, sikuzikagua. Niliangalia tu kama ni zile mia za bluu, toleo lililoanza kutoka 2013, kwa sababu kila mtu anajua za zamani zinakataliwa au zinashushwa bei. Kumbe mojawapo ilikuwa na herufi mbili za kalamu pembeni, ndogo kama mguu wa mende. Tutaikuta mbele.

Tulipotua Dubai usiku nikabadilisha dola 50 uwanjani ili tuwe na hela ya kuanzia. Walinipa dirhamu 177 na nusu, sawa na 3.55 kwa dola. Kwa shilingi, kila dirhamu ilinitoka karibu 696. Yaani bei ileile ya kununua dirhamu Posta. Nikacheka peke yangu kwenye teksi. Na hata hiyo haikuwa lazima, kwa sababu dereva alikuwa na mashine ya kadi.

Asubuhi nikaanza msako wangu wa Deira, mtaa wa biashara wa Dubai. Kule maduka ya kubadilishia fedha yamepangana kama maduka ya vitenge Kariakoo, kila kona lipo, na bei zimewashwa kwenye kioo. La kwanza 3.66. Nikasema hapana, kuna bora zaidi. Nikatembea. Jua lile sio la mchezo, mama Nasra kashajibanza kivulini kamshika mtoto ananiangalia tu. Duka la nne nikapata 3.665. Nikarudi nikitamba. Nikabadilisha dola 600, nikapata dirhamu 2,199.

Usiku ndiyo nikapiga hesabu. Tofauti ya 3.66 na 3.665 kwa dola 600 ni dirhamu tatu. Tatu! Nilikuwa nimenunua chupa mbili za maji njiani. Wakati Dar, kuvuka barabara mbili kuliniokolea elfu arobaini, ambazo ni karibu dirhamu sitini, mlo wa familia yetu kwenye mgahawa wa Kipakistani na chai juu. Hapo ndipo niliposema watu wengi tunapigana vita hii kwenye uwanja ambao sio. Ukishatoka Dar na dola zako, mechi imekwisha kwa sehemu kubwa. Ukifika kule epuka tu kubadilisha uwanja wa ndege na hotelini, ingia duka lolote la Deira lenye foleni. Dirhamu zangu za Deira zilinitoka kwa shilingi 674 kila moja, na hakuna njia nyingine iliyoifikia hiyo.

Ile noti ya kalamu ilikataliwa pale pale. Keshia hakugombana, aliisukuma tu kwa kidole ikarudi. Maduka mawili mengine yakafanya vivyo hivyo. Dola mia moja ikawa mgeni wetu safari nzima.

Nije kwenye kadi, na hapa nina mengi. Nilikuwa na kadi ya akaunti yangu ya shilingi, mama Nasra ana ya akaunti ya dola. Ya shilingi niliichanja dukani, bili ya dirhamu 210, nikaja kukuta zimekatwa 144,900. Hiyo ni 690 kwa dirhamu. Ya dola tulilipia vitu vya dirhamu 95, ikakata dola 26.40, ukizirudisha kwenye bei niliyonunulia dola Posta, ni kama 686. Kwa kweli nilitegemea mabaya zaidi. Shilingi 12 au 16 kwa kila dirhamu juu ya bei ya hela taslimu ni gharama ambayo mtu anaweza kuikubali kwa kutokutembea na bunda mfukoni, hasa mwenye mtoto wa kushika mkono.

Lakini kuna mtego. Kwenye duka la manukato, bili dirhamu 180, muuzaji akachomeka kadi ya mama Nasra, mashine ikauliza: unalipa kwa dirhamu au kwa dola? Kijana yule akabonyeza dola mwenyewe kabla hatujasoma, huku anatabasamu, "Dola, easy, mama." Dola 51.10. Kwa bei halisi zilitakiwa kuwa 49 na senti. Ule ubadilishaji haukufanywa na benki yetu, ulifanywa na mashine ya dukani, kwa bei yao wenyewe, na faida yake wanagawana huko huko. Kwa daftari langu dirhamu ikafika 701. Siku iliyofuata nikawa nanyoosha mkono kwenye mashine kama mtu anayezuia mpira: dirhamu, tafadhali, dirhamu. Mashine hiyo utaikuta nchi yoyote ya kitalii, na jibu ni hilo hilo kila mahali: lipa kwa hela ya nchi uliyopo. Inakutongoza kwa kukuonyesha hela unayoijua, kumbe ndiyo ya bei mbaya.

ATM ndiyo iliyonichoma. Siku ya nne dirhamu zilipungua, na nilikuwa mvivu kurudi Deira na zile dola 250 nilizobakiza hotelini. Nikatoa dirhamu 500 kwa kadi ya shilingi. Mashine ikachukua dirhamu 25 zake, benki ya Dar ikakata shilingi elfu 12 zake za kutolea nje ya nchi. Jumla shilingi 374,250. Karibu 749 kwa dirhamu! Makato hayo hayajali umetoa kiasi gani, kwa hiyo anayetoa mia mia ndiye anayekamuliwa zaidi. Ukilazimika, toa mara moja, nyingi.

Hoteli nayo ilikuwa na lake. Kuna ada ya utalii inayolipwa kwa kila usiku, kwetu dirhamu kumi kwa chumba, hiyo tuliijua. Amana hatukuijua: dirhamu 500, wakaomba kadi, nikawapa ya shilingi. Badala ya kuzishikilia, wakazikata kabisa, shilingi 345,000. Tulipoondoka wakazirudisha dirhamu 500 zao kamili, kwa upande wao hesabu imefungwa. Kwangu zilifika baada ya siku 17, shilingi 328,500. Zimekwenda kwa bei moja na kurudi kwa nyingine, na 16,500 zikabaki angani. Sijui nimlaumu nani, kwa hiyo nalaumu nafsi yangu: amana mara nyingine nitatoa taslimu na kudai risiti.

Sehemu moja tulipata badala ya kupoteza. Simu ya mama Nasra ilikuwa dirhamu 1,050, ndani yake 50 ni VAT. Mtalii anarudishiwa asilimia 85 ya kodi hiyo, ukitoa dirhamu 4.80 za huduma, ilimradi ununuzi umefika 250 na umetoa pasipoti dukani wakakuandikia. Uwanjani tukapewa 37 na ushee. Nikazichukua taslimu, kuziingiza kwenye kadi ya shilingi ni kuzipitisha tena kwenye kisu.

Nikipanga sasa, nikienda tena nitafanya hivi: sehemu kubwa iwe dola taslimu za Posta, noti mia za bluu nilizozikagua moja moja mbele ya keshia mpaka anichoke, kadi ya dola kwa madukani, kwa dirhamu siku zote, kadi ya shilingi ikae chini ya sanduku kwa dharura. Mama Nasra hakubaliani. Yeye anasema kwa tofauti ya shilingi 12 angechanja kadi yake safari nzima akalala usingizi, kuliko kulala na dola chini ya mto. Ana hoja. Na kwa anayekwenda Afrika Kusini au Uturuki, ambako hela yao haikufungwa kwenye dola, hesabu yangu hii haisimami yote, kwa sababu kule mlima wa pili ni mlima kweli.

Ile mia ya kalamu niliirudisha kwenye duka lile la Posta na risiti yangu. Kaka yule aliisogeza kwenye taa, akaguna, akanibadilishia bila neno. Hapo ndipo aliponipata, ndiyo maana bado naenda kwake.

Tulibaki na dirhamu 112 na sarafu. Posta walikuwa wananunua dirhamu kwa 640, nikaona ni kujichinja. Shemeji anasafiri mwezi ujao. Tumekubaliana 672, kanipa elfu 75 mezani, wali haujapoa. Sarafu amezikataa, anazo Nasra, anauziana nazo sabuni na dada wa jirani.