Pampu ya hewa ya tangi la samaki: ukiwa Lamu, ununue ipi?

Wazee wetu Lamu walifuga samaki ndani ya nyumba bila pampu. Birika la chooni lilikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, wala hawakuhitaji umeme. Lakini birika hukaa kivulini, maji baridi, samaki wachache. Tangi la kioo sebuleni ni habari nyingine. Maji ya nyuzijoto 20 hubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika 30 hushuka hadi 7.5 hivi, na wewe umejaza samaki ishirini. Ukiwakuta asubuhi wote wako juu, midomo wazi, wanatweta, hewa imewapungukia.

Usidanganywe na wingi wa mapovu. Kazi yake kubwa ni kuutibua uso wa maji, na hapo ndipo hewa inapoingia.

Namba moja kwangu ni pampu ya kuchaji inayojiwasha yenyewe stima zikipotea. Bei yake inauma, lakini stima zikienda saa nane usiku, nani ataamka?

Ya pili ni ile ndogo ya kuchomeka ukutani, wati 2 hadi 5. Tangi la lita 60 laridhika nayo. Ila usiiweke sakafuni! Yangu ya kwanza niliiweka chini ya meza. Stima zikakatika, maji yakarudi kwa mrija, alfajiri nikakanyaga mkeka umelowa chapachapa na pampu imekufa. Hii ya sasa iko kwenye kidaka cha ukutani, juu ya usawa wa maji, imelazwa kwenye leso iliyokunjwa, maana bila leso kidaka huvuma kama ngoma. Huna kidaka? Tia valvu ya kuzuia maji kurudi.

Ya betri za tochi ni ya akiba tu. Ukiihifadhi, toa betri; upepo wetu wa chumvi hauachi springi salama.

Ya mwisho ni ya jua isiyo na betri. Huzima magharibi, na usiku ndio mimea ya tangini nayo huvuta oksijeni bila kutoa.

Dukani, omba iwashwe, uzamishe mrija kwenye ndoo hadi kina cha tangi lako. Kwenye kikombe zote ni hodari. Sentimita 40 chini, nyingine zinakohoa tu. Uliza pia kama kile kiwambo cha mpira cha ndani kinachosukuma hewa huuzwa peke yake, kwani ndicho huchanika kwanza.