TAHADHARI: Seti za taa za ziada za "wati 300", kagueni nyaya kabla hamjafunga

Ndugu zangu mnaoendesha pikipiki usiku, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anatembeza mtandaoni seti ya taa mbili za LED, pamoja na nyaya, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi na swichi, eti unafunga mwenyewe bila fundi. Niliinunua. Wiki ya tatu nusura pikipiki iteketee, na hapo nilikuwa nimeshaizima, ufunguo uko mfukoni.

Nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, kutazama moshi unafuka chini ya tangi. Nikachomoa waya wa betri kwa mkono. Ganda lake lilikuwa limeshayeyuka, likaning'ang'ania vidoleni. Ningekuwa nimechelewa dakika chache tu, moto ungefika kwenye mpira wa petroli.

Kesho yake nikaifumua seti nzima. Kiboksi cha rilei kina namba zote nne, 30, 85, 86 na 87, lakini ndani hakuna koili, ule waya uliozungushwa unaofanya rilei iwashe na kuzima. Wameunga 30 na 87 kwa kipande cha bati basi. Maana yake umeme unatoka betri moja kwa moja hadi swichi ya kwenye hendeli, usiku na mchana, pikipiki iwe imewashwa au imezimwa. Fyuzi nayo wameiweka baada ya swichi, karibu na taa. Kwa hiyo waya mrefu kuliko wote, ule unaojikunja pale shingoni kila ukikata kona, haulindwi na kitu. Wangu ulikwanguka hapohapo, ukagusa chuma, ukapiga shoti. Fyuzi ya ampea 30 mpaka leo ni nzima kabisa.

Nikaukwangua waya kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Haipitishi umeme vizuri kama shaba, na ikikunjwakunjwa inakatika upesi.

Hizo wati 300 nazo ni uongo. Kwa volti 12 zingehitaji ampea 25, na pikipiki nyingi ndogo hazizalishi umeme wa kiasi hicho. Nilipima kwa mita, taa zote mbili zinavuta ampea 3, yaani wati 36.

Nilipomtumia picha alijibu kwamba nimefunga vibaya, kisha akanifungia. Siku chache baadaye picha zake zilezile zikarudi kwa jina jingine la duka, kwa hiyo kukariri jina hakutawasaidia. Kagueni mali yenyewe. Kwangua ncha ya waya. Peleka volti 12 kwenye 85 na 86, chanya upande mmoja na hasi upande mwingine: rilei nzima inalia "tak". Ikikaa kimya, irudishe.

Kama umeshaifunga, chomoa waya wake kwenye betri leo hii, usingoje wikendi. Taa zenyewe unaweza kuendelea kuzitumia, mimi ninazitumia, ila nyaya zote nilitupa. Nimeweka waya wa shaba halisi, rilei ya kweli inayopata amri kwenye waya unaokufa ukizima ufunguo, na fyuzi ya ampea 5 imekaa pale pale kwenye betri, hata shubiri moja haifiki.