Niliwapa dainamo waisuke, wakanirudishia altaneta

Naandika hasira ikiwa bado haijanitoka, na sioni sababu ya kusubiri itoke.

Trekta letu ni Ferguson ya kijivu, zile zilizotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Zilitoka zaidi ya 500,000. Hili letu ni la mafuta ya taa: unaliwasha kwa petroli, likishapata joto unahamishia mafuta ya taa. Marehemu baba alilitoa kwenye shamba la kahawa huko Usa River, likalima mahindi miaka na miaka, kisha likalala bandani. Injini nilishaifufua. Kilichobaki kilikuwa umeme, na nilitaka umeme wake wa asili: dainamo ya Lucas (ile mashine ya kizamani ya kuchaji betri), katauti yake (kisanduku kinachounganisha na kukata umeme kati ya dainamo na betri), na chanya ya betri ikifungwa kwenye bodi kama ilivyotoka kiwandani.

Nikalipeleka gereji moja ya umeme wa magari maeneo ya Unga Limited, hapa Arusha. Jina siitaji, ila ina sifa kubwa. Nilimweleza fundi mkuu mbele ya vijana wake: dainamo isukwe, yaani ifungwe upya waya zake za ndani, kaboni na bushi zibadilishwe, pointi za katauti zisafishwe, na waya zilizooza zibadilishwe kwa kufuata njia ileile. Akaniitikia, "Hiyo ndogo, mzee." Nikatanguliza nusu ya malipo.

Niliporudi nikakuta altaneta ya Toyota, yaani mashine ya kuchaji ya magari ya siku hizi, imening'inizwa pale ilipokaa dainamo, na kishikizo chake kimechomelewa! Waya za asili, zile zilizovikwa kitambaa, zimekatwa kwa plaizi na kuungwa na waya za rangi moja, zote zikiwa zimeviringishwa selotepu nyeusi. Betri imegeuzwa, hasi ndiyo iko kwenye bodi. Katauti haipo.

Nikauliza, "Fundi, dainamo yangu iko wapi?"

Hakuinuka kwenye kigoda. Kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, shikamoo hakunipa.

"Mzee, nani anatumia dainamo siku hizi? Ile ni skrepa. Tumekufungia kitu cha maana."

"Mimi nilikuagiza hivyo?"

"Kama hutaki toa hela tukufungulie. Tuna kazi za watu hapa."

Kazi za watu! Na mimi niliyetanguliza pesa ni nani?

Kuna watakaosema altaneta ni bora. Kuchaji, ni kweli, inachaji vizuri hata injini ikiwa saileni, yaani ikizunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta, na dainamo haiwezi hivyo mpaka uikanyagie mafuta. Hilo silipingi. Lakini trekta hili halikupangwa hivyo. Ukigeuza betri bila kurekebisha mengine, geji ya ampea, inayoonyesha kama betri inachajiwa au inanyonywa, inasoma kinyume: inachaji, mshale unakuambia inanyonya. Koili, ile inayotengeneza cheche za plagi, nayo waliiacha na waya zake zilezile. Koili iliyofungwa kinyume itatoa cheche, ila plagi inadai umeme mkubwa zaidi ili iruke, na kwa trekta la mafuta ya taa cheche dhaifu ni mateso. Lilikuwa linakohoa kila nilipohamisha mafuta. Na siku mtu mwingine atakapofunga betri kwa kufuata kitabu, chanya kwenye bodi, daiodi za ile altaneta, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zitaungua papo hapo. Hayo yote fundi mkuu hakuniambia hata moja. Nilipouliza kuhusu geji akasema, "Usiiangalie hiyo."

Haki yao niwape pia. Stata waliifanya kazi safi kabisa. Ferguson hii haina kitufe cha kuwashia, unasukuma gia hadi kwenye herufi S ndipo stata inazunguka, na swichi ile ya chini ya gia ilikuwa imekufa. Waliifungua, wakaisafisha, wakarudisha kila kitu mahali pake. Sasa unasukuma tu linaitika. Kazi ya namna ile sijaiona mjini hapa. Kwa hiyo nilipokuwa narudi nyumbani nilishaanza kulegea: labda ni vijana tu, labda hawakuelewa, yaishe.

Kisha nikarudi kufuata dainamo, nikaikuta chini ya benchi, imezama kwenye oili chafu, puli imeshang'olewa. Katauti, nikaambiwa, "ilienda na mtu wa vyuma chakavu." Kifaa kilichokaa kwenye trekta tangu kabla ya Uhuru, kimeuzwa kwa kilo! Huruma yote ikaniishia palepale.

Dainamo nimeipeleka Moshi, kwa mzee mmoja wa Pasua. Aliifungua nikiwa nimesimama, akanionyesha: amecha, ile sehemu inayozunguka, nzima, koili zake za ndani nzima, kaboni tu zimekwisha na komyuteta, pale kaboni zinapogusa, imejaa masizi. Haikuhitaji hata kusukwa. Alibadilisha kaboni, akapiga msasa laini, akatafuta katauti ya Lucas kutoka Land Rover ya zamani, akairekebisha pointi kidogo kidogo huku anapima volti. Akarudisha chanya kwenye bodi, waya za koili akaziacha zilivyo kwa kuwa sasa ziko sawa tena, na kabla ya kuwasha akagusisha waya kutoka kwenye betri kwenye tamino ya F ya dainamo, kufumba na kufumbua, ili sumaku yake ikae upande unaotakiwa. Hatua hiyo kule Unga Limited sidhani kama kuna anayeijua. Mshale wa geji ukaenda upande wa kuchaji, na ukarudi taratibu kadiri betri ilivyojaa.

Basi kwa gari la kawaida, pale Unga Limited nendeni tu, stata wanaijua. Nilikuwa nimeandika hivyo, lakini nikikumbuka lile "usiiangalie hiyo" nafuta. Msiende. Asiyekusikiliza kwenye kitu cha zamani hatakusikiliza kwenye kipya.

Na kama kuna mnunuzi wa vyuma chakavu Arusha aliyepata kisanduku cheusi cha Lucas chenye herufi A, F, D na E kwenye tamino zake, asikivunje kutoa shaba. Hata kama ya Land Rover inafanya kazi, ile ya baba naitaka, na nitailipia zaidi ya bei ya kilo.