Ofisi ya kuchapa karibu na mahakama ya Nakuru: wajane wa wanajeshi, soma hapa

Mume akifia kazini jeshini, watu hukuambia usijali, pesa zipo. Zipo kweli: kiinua mgongo, pensheni, akiba ya sacco. Zinakokwama ni kwenye makaratasi ya mirathi. Ndiyo maana nawasifu hawa wa ofisi ndogo ya kuchapa, hatua chache kutoka mahakamani, walionihudumia mimi na shemeji yangu.

Mwenyewe ni mzee aliyekuwa karani. Hagusi pesa yako kabla hajasoma. Alitandaza mezani kitambulisho cha marehemu, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akachukua rula, akawa anaiteremsha jina kwa jina. Kwa kitinda mimba wetu, jina la baba lilikosa herufi moja. "Mama, hii ikifika huko itarudishwa," akasema, akatutuma kwa msajili kwanza. Ofisi nyingine mjini, niliyokuwa nimeshailipa, ilikuwa imechapa yote hayo bila hata kuuliza.

Kwetu kulikuwa na kelele. Wazee walitaka kaka wa marehemu asimamie mirathi peke yake. Mimi nilitaka niwe peke yangu. Mzee hakuegemea upande. Alitueleza tu kwamba watoto wakiwa chini ya miaka 18, sheria inataka wasimamizi wasiopungua wawili. Tukaandikwa wote wawili, na shemeji akatia sahihi bila maneno.

Alipofika kwenye mstari wa akiba ya sacco aliuliza marehemu alimwandika nani alipwe. Nikamwambia ni mimi. Akaufuta mstari huo kwenye orodha ya mali, maana pesa hizo hulipwa aliyeandikwa, hazipiti mirathini. Na alipofungua akaunti ya kuwasilisha kesi kwa intaneti, alitumia namba yangu ya simu. Wapo wanaoweka yao, kisha kila ujumbe wa mahakama unakuwa wa kuuziwa.

Kuhusu muda hakutupaka mafuta. Tangazo likitoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, ni siku 30 za kungoja pingamizi. Hati ya usimamizi ikitolewa, kwa kawaida ni miezi 6 kabla ya kuithibitisha na kugawa mali. Karo haingoji miezi 6, najua, lakini nilijipanga nikijua.

Sasa lawama. Fotokopi ni ghali kuliko duka la chini, na risiti hupewi mpaka uidai. Benchi ni moja, na nusu ya wanaolikalia wametoka Lanet, kwenye kambi ya jeshi, kwa hiyo utasikia habari za watu utake usitake. Mama mmoja, ambaye mumewe alikuwa El Adde, Somalia, kambi ya wanajeshi wetu iliposhambuliwa Januari 2016, alinihadithia yake yote kabla hata sijajua jina lake. Sikuchukia; alinionyesha pia wa kumwona kwa chifu ili barua yake ya kutambulisha warithi itaje watoto wote, hata yule aliyezaliwa nje.

Nyota nne. Nenda asubuhi kabla mzee hajaelemewa, na fotokopi zako uzitoe chini kabla ya kupanda ngazi. Kijana anayemsaidia ni mwepesi wa kuchapa, ila hasomi kama mzee. Akikuhudumia yeye, omba rula uyapitie majina mwenyewe.